Jioni kumi na moja na Yasmin

Likizo ya Desemba iliyopita baraza letu halikukaa tupu. Tunaishi Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, na baraza lenyewe ni la kizamani, la saruji, refu, linapata kivuli kuanzia saa tisa alasiri. Binti yangu alirudi kutoka bweni Jumamosi. Jumatatu akaniambia, "Mama, wenzangu watakuja jioni. Tunasoma riwaya." Akanionyesha kitabu kilichong'oka jalada la nyuma, kimeshonwa ubavuni kwa uzi mweupe wa magunia. Ilikuwa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi.

Kitabu hicho nilikisoma mwaka 2002, nikiwa na miaka 20, kwa shangazi yangu Unguja. Nilikimaliza kwa siku tatu, na siku ya nne nikakianza upya. Nilimpenda Denge kama kijana wa mtaani ninayemwona kila siku akipita chini ya dirisha. Lakini sikuwa na wa kuzungumza naye. Shangazi hakuwa msomaji, wenzangu walishaolewa au wako kazini, na mimi nikarudi Tanga, nikaanza kazi ya duka la dawa ninayoifanya mpaka leo. Miaka yote hiyo maneno yangu juu ya Denge na Yasmin yalikaa moyoni. Kwa hiyo binti aliposema wenzake wanakuja, nilibadilishana zamu na mwenzangu dukani ili saa kumi na nusu niwe nyumbani. Nilimwambia nakuja kumenya mihogo.

Walikuwa saba, wasichana wanne na wavulana watatu, wa miaka 17 hadi 19, wote wa kidato cha tano katika shule mbalimbali. Majina yao nayaacha, ni watoto wa watu. Watano wanasoma Kiswahili, wengine mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), wengine HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili), na riwaya hii imekuwa kwenye orodha ya kidato cha tano na sita kwa miaka mingi. Wawili ni wa PCB, mchepuo wa sayansi. Mmoja wao alikuja kumsindikiza rafiki yake, akapewa sahani ya mihogo ya nazi na chatne ya embe, akarudi kesho yake na keshokutwa, na mwisho ndiye aliyekuwa akiuliza maswali mazito kuliko wote.

Nakala zilikuwa mbili tu, hiyo iliyoshonwa na nyingine ya kuazima. Wakaamua kusoma kwa sauti, kwa zamu, kila mtu kurasa tano. Watatu walikuwa na madesa, zile karatasi za fotokopi zinazopita bweni hadi bweni: dhamira, ukombozi wa mwanamke, ndoa za kulazimishwa, usaliti, falsafa ya mwandishi, mtindo, jazanda. Waliyajua kwa moyo. Msichana mmoja alisema, akitazama miguu yake, kwamba aliwahi kujibu swali zima la riwaya hii kwenye mtihani na kupata alama nzuri, na hajawahi kufungua hata ukurasa mmoja. "Nilimwandika Yasmin kama ninavyoandika kanuni," alisema. "Sikujua hata kama ana nywele."

Kwa ambaye hajakisoma: tuko Unguja miaka ya 1950, Mwingereza bado anatawala. Yasmin, binti wa Kihindi mwenye miaka 15, anaozwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa baba yake. Wanahamia Mombasa, ndoa haiendi, Yasmin anakimbia na kurudi Unguja. Jamaa zake wanamfungia mlango. Anapokelewa Ng'ambo na Mwajuma, mwimbaji wa taarabu, na huko anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurudi na siasa za kumng'oa mkoloni. Wanapendana huku Inspekta Wright na Koplo Matata wakimwinda Denge. Mwisho wake nitausema huko chini, kwa hiyo anayetaka kuufikia mwenyewe ajue.

Jioni ya kwanza ugomvi ulianza kabla ya kurasa kumi. Mvulana wa HGK alisema mwalimu wao aliwaonya: hii si riwaya ya mapenzi, ni riwaya ya ukombozi, na anayeandika mapenzi kwenye mtihani anapoteza alama. Binti yangu akamuuliza, "Sasa mbona mwandishi ameanza na Yasmin? Si angeanza na Denge na makaratasi yake?" Mvulana akafikiri, kisha akasema labda mwandishi alitaka kutuvuta kwanza kwa msichana halafu atupe siasa. Yule wa PCB akasema, mdomo umejaa muhogo, "Basi na Denge si amevutwa hivyo hivyo?" Wakacheka wote, lakini swali halikuondoka. Lilikaa pale barazani mpaka jioni ya mwisho.

Walipofika kwenye ndoa ya Raza, nilitarajia watamchukia mzee yule kwa pamoja. Haikuwa hivyo. Mvulana mmoja, mpole, baba yake analeta mboga kutoka Lushoto, alisema yeye Raza anamwonea huruma. Wasichana wakampigia kelele. Akangoja zinyamaze, akasema, "Hamsikii. Hakuna mahali mtu anamuuliza Raza kama anapendwa. Yeye mwenyewe hajui kama hilo ni swali. Kaona wenzake wanaoa hivyo, na yeye akaoa hivyo." Msichana aliyekaa karibu na mlango akamjibu bila kunyanyua sauti, "Huruma mpe. Mke usimpe."

Huyo msichana wa mlangoni nitamrudia, kwa sababu bila yeye jioni hizi zingekuwa jioni za watoto kujifurahisha tu.

Siku ya tatu wakaingia kwenye sheria, na hapo ikabidi niache mihogo. Mmoja alisema mambo ya kuoza binti wa miaka 15 ni ya wakoloni na ya zamani. Nikawaambia hapana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, sheria ya Tanzania huru, iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, wakati mvulana alitakiwa kufika 18. Nikawaeleza jinsi mwanaharakati Rebeca Gyumi alivyokwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2016 mahakama ikasema vifungu vile, cha 13 na cha 17, vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikashikilia hukumu ile ile. Mvulana wa HGK alikuwa akiandika. Akanyanyua kalamu: "Mama, kwa hiyo kitabu kinachapishwa 1999, Yasmin wa kitabuni ana miaka 15, na huku nje sheria inasema 15 inatosha?" Nikamwambia sheria ile ni ya Tanzania Bara, Unguja ina yake, na hadithi yenyewe ni ya kabla ya sheria. Lakini ndiyo, umeelewa. Akakaa anaitazama namba ile, 15, kana kwamba imeandikwa na mtu aliyemfahamu.

Na hapo yule msichana wa mlangoni akasema. Dada yake aliolewa baada ya kidato cha pili, yuko Muheza, ana mtoto. Alisema hivi, na nakumbuka maneno yake karibu yote: "Mnamcheka Yasmin kwamba alikimbia bila mpango. Hakuwa na hela, hakuwa na pa kwenda, hakujua kesho. Dada yangu naye watu wanamwambia, kwa nini hukusema mapema, kwa nini hukukataa. Mpango unautoa wapi ukiwa na miaka kumi na tano? Mimi nina kumi na nane na hata nauli ya kwenda shule napewa."

Hakuna aliyejibu. Binti yangu alimsogezea chai.

Ni baada ya hapo ndipo ilipotokea jambo ambalo mimi, na miaka yangu yote ya kukipenda kitabu hiki, sikuwahi kuliona. Msichana yule yule aliyeandika mtihani bila kusoma alianza kumwita Yasmin "mdogo wetu". Hakukusudia, lilimtoka tu. Alikuwa anasoma zamu yake, akasimama katikati ya ukurasa akasema, "Jamani, huyu mdogo wetu atakula wapi usiku huu?" Wenzake wakalipokea. Kuanzia jioni ya nne ilikuwa nadra mtu kusema Yasmin. Ilikuwa mdogo wetu kafanya hivi, mdogo wetu kakosea, mdogo wetu asiende huko.

Mimi nikiwa na miaka 20 nilimsoma Yasmin kama mwanamke. Mwanamke mzuri, shujaa, aliyethubutu kumwacha mume na kwenda kwa mwanamume anayempenda. Nilitaka kuwa yeye. Sikukaa hata mara moja nikahesabu kwamba anapoanza safari hiyo ni mdogo kwa kila mtu aliyekuwa barazani kwangu. Watoto hawa waliona mara moja, kwa sababu wanajua miaka 15 ilivyo. Ilikuwa juzi tu kwao. Wanajua ulikuwa unafikiria nini, unaogopa nini, unaweza kudanganyika na nini.

Ndiyo maana walipofika kwa Denge, hawakumpokea nilivyompokea mimi.

Kwanza niseme walimpenda. Si rahisi kutompenda. Amesoma, hana makuu, anakaa na wenzake wa Ng'ambo kama mmoja wao, haogopi Mzungu. Wavulana hasa walinyooka migongo kila alipoingia. Lakini jioni ya sita msichana mmoja wa HKL, mwenye sauti kavu na mwandiko mzuri kuliko wote, akauliza: "Denge ana miaka mingapi?" Wakaanza kupiga hesabu kwenye daftari. Amemaliza shule, amekwenda Urusi, amesoma, amerudi, ameingia kwenye siasa. Haiwezekani awe chini ya ishirini na kitu. "Na mdogo wetu?" Kumi na sita, labda kumi na saba. Kimya. Kisha akasema, "Kwa hiyo katoka kwa mzee, kaja kwa kaka mkubwa. Tofauti ni kwamba huyu anamsikiliza."

Nilitaka kumtetea Denge. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nikajizuia, kwa sababu niliona sina jibu ila mapenzi yangu ya zamani.

Ugomvi wa Denge ulichukua jioni tatu nzima, na nitausimulia kama nilivyousikia, maana ndani yake kulikuwa na mambo ambayo sijapata kuyasoma kwenye uchambuzi wowote wa riwaya hii.

Mvulana wa Lushoto alisema Denge ni mkweli. Hajamwahidi Yasmin nyumba wala harusi, kamwonyesha maisha yake yalivyo: polisi, vitabu vya kufichwa, mikutano ya usiku. Anayependa na apende akijua. Msichana wa sauti kavu akasema ukweli wa namna hiyo ni rahisi kwa anayetoka na kurudi apendavyo. "Kumwambia mtu ukweli halafu kumwachia yeye ndiye aamue kila kitu, huku anakupenda kuliko unavyompenda, hiyo nayo ni aina ya kumlemea." Binti yangu, ambaye siku zote mbili za mwanzo alikuwa upande wa Denge, alisema kinachomuumiza ni hatari. Mtu anayewindwa na Koplo Matata akigonga mlango wako usiku, mlango unaovunjwa kesho ni wako. "Mimi nikimpenda mtu sitaki polisi wamjue hata jina," alisema.

Yule wa HGK alisimama kabisa. Alikuwa ameazima simu ya rafiki yake na kusoma habari za mwandishi. Akawaambia kwamba Shafi mwenyewe alikamatwa na kufungwa baada ya Rais Karume kuuawa mwaka 1972, na kwamba riwaya yake nyingine, Haini, imetokana na mambo hayo. "Kwa hiyo anapoandika mtu anachukuliwa na polisi, hatungi. Anajua lango la jela linavyofungwa. Nyinyi mnamuuliza Denge kwa nini hakai nyumbani na mpenzi wake. Angekaa nyumbani, nani angeondoa mkoloni? Na angekaa nyumbani asingekuwa Denge, na Yasmin asingempenda." Alisema kwa nguvu mpaka mama wa nyumba ya pili akachungulia.

Msichana wa mlangoni akamuuliza, "Hao wakoloni walipoondoka, dada yangu aliolewa na miaka mingapi?"

Nimefikiria swali hilo tangu Desemba. Mvulana hakuwa na jibu, na ni mtoto mwaminifu, alikiri kwamba hana. Akaketi. Kesho yake akaja na daftari, akasema ameandika usiku, na alichoandika ni kwamba labda mwandishi aliweka hadithi mbili kwa makusudi, moja ya nchi na moja ya msichana, na kwamba ile ya nchi ilipata watu wengi wa kuipigania, ile ya msichana ilipata Mwajuma.

Sasa Mwajuma. Kama kungepigwa kura pale barazani, Mwajuma angeshinda kwa kura zote saba, na ya kwangu ya nane. Yule wa PCB alikuwa na tabia ya kuandika orodha, na moja aliipa kichwa "Milango". Upande mmoja waliofunga, upande wa pili waliofungua. Upande wa kufunga kulikuwa na jamaa wa damu. Upande wa kufungua jina la juu kabisa ni Mwajuma, mwanamke asiye na chochote, anayeishi kwa kuimba, anayesemwa mtaani, na bado anampa chumba, nguo, chakula, na kicheko. Alitusomea orodha yake kama daktari anavyosoma vipimo. "Kwa hesabu hizi," alisema, "anayempenda Yasmin kuliko wote hayumo hata kwenye mjadala wenu."

Jirani yetu mmoja, bibi wa miaka inayokaribia themanini, ni mzaliwa wa Miembeni, Unguja, aliyeletwa Tanga na ndoa. Alikuwa akipita kwenda kununua mkaa, akasikia jina la Ng'ambo, akasimama. "Shikamoo bibi," wakaamkia wote. "Marahaba wanangu. Nani anaisema Ng'ambo?" Wakampisha kiti. Aliwaeleza mambo ambayo madesa hayana: kwamba Ng'ambo iliitwa Ng'ambo kwa sababu kweli kulikuwa na maji katikati, mkono wa bahari uliotenga mji wa mawe na upande wa pili, watu wakivuka daraja, na ndiyo maana mpaka leo pale sokoni panaitwa Darajani ingawa maji yalifukiwa. Binti wa Kihindi kutoka upande wa mjini kwenda kulala Ng'ambo kwa mwimbaji wa taarabu? Bibi alishika kifua. "Hilo lingesimuliwa mpaka Bububu." Kisha akasema, taratibu, kwamba waimbaji wa zama zile walitukanwa mchana na kutunzwa usiku na watu hao hao, na kwamba yeye akiwa msichana mdogo alimwona mmoja akipita na buibui lake, akanukia, na akatamani kumfuata. Akaimba kidogo kwa puani, bila maneno, akaondoka na ndoo yake ya mkaa. Watoto walikaa kimya muda mrefu. Msichana wa HKL alisema baadaye kwamba ndipo alipoelewa Yasmin alivuka nini. Hakuhama mtaa. Alivuka maji.

Kuhusu lugha, wale wa bara waliteseka kidogo. Mmoja wao amekulia Singida, na Kiunguja kilimchanganya, kuanzia jina lenyewe la kitabu. Alidhani ile "n" na mkato wake ni kosa la chapa. Nikamwambia aseme haraka "vuta nikuvute" mara tano, kama watu wawili wanaogombea kamba. Alipofika ya nne "i" ikajimeza yenyewe. Akafurahi kama aliyeokota hela. Jioni zile zilizobaki alikuwa akiuliza kila mara, sasa hivi nani anavuta? Raza anavuta, Yasmin anavuta. Matata anavuta, Denge anavuta. Denge anavuta, Yasmin anavuta. Ni swali zuri kuliko yote niliyoyaona kwenye yale makaratasi ya fotokopi.

Filamu waliitaja pia. Amil Shivji alitengeneza filamu ya riwaya hii, ikaonyeshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021, na mwaka 2022 Tanzania iliichagua iwakilishe nchi kwenye mashindano ya Oscar. Wengine walikuwa wameona vipande vyake kwenye simu, wakataka kuitafuta yote. Binti yangu aliwakatalia mpaka kitabu kiishe. Nilimwunga mkono kwa moyo wote. Uso wa Yasmin kila mmoja alikuwa ameshajichorea wake, na sikutaka uso wa mtu mwingine ukae juu yake kabla hawajamaliza.

Jioni ya kumi na moja mvua ilinyesha. Tuliingia ndani, umeme ukakatika, wakasoma kwa mwanga wa simu, mmoja anashika, mwingine anasoma. Na mwisho ni huu: siasa inamchukua Denge, na Yasmin anaolewa na mwanamume mwingine, Bukheti. Si mwisho wa wapendanao kuzeeka pamoja.

Yule wa HGK alifunga kitabu kwa kishindo. Alisema ameibiwa. Siku kumi na moja amemtetea Denge, halafu mwandishi anampa Yasmin mtu mwingine? Mvulana wa Lushoto alikubaliana naye, ingawa kwa sababu nyingine: alisema Yasmin angengoja, kwamba kungoja nako ni mapenzi. Wasichana watatu wakamrukia. Angengoja mpaka lini? Nani anamlisha akingoja? Mbona hakuna anayemuuliza Denge kama yeye angengoja? Msichana wa sauti kavu alisema mwisho ule ndio sehemu ya kweli kuliko zote, kwa sababu ni mara ya kwanza Yasmin anaolewa akiwa anajua kuolewa ni nini. Aliozwa akiwa hajui. Akapenda akiwa amechanganyikiwa. Sasa anachagua. "Inawezekana kachagua vibaya," alisema, "lakini kachagua yeye."

Mimi mwaka 2002 nilimchukia Bukheti. Niliruka kurasa zake niliporudia kusoma, nikaishia pale ambapo Denge bado yupo. Nilisema hivyo mbele yao, kwenye giza. Binti yangu akauliza, "Mama, ulitaka nini kimpate Yasmin?" Nikajibu ukweli: nilitaka abaki na Denge hata kama atakufa naye. "Ungetaka mimi nifanye hivyo?"

Nilisema hapana kabla hajamaliza kuuliza.

Mvua ilipopungua wakaanza kutoka mmoja mmoja, viatu mkononi. Msichana wa mlangoni alibaki nyuma kidogo. Aliuliza kama anaweza kuondoka na kile kitabu kilichoshonwa, siku chache tu, anakwenda Muheza kumtembelea dada yake. Binti yangu alinitazama. Ni kitabu chake cha shule na mwaka huu anakihitaji. Akakifunga kwenye mfuko wa nailoni kisilowe, akampa.

Bado hakijarudi. Binti yangu anasoma kwa nakala ya kuazima na halalamiki. Wiki iliyopita msichana yule alinipitia dukani kununua dawa ya homa ya mpwa wake, akanionyesha ujumbe wa dada yake kwenye simu. Anasoma usiku tu, kurasa mbili tatu. Ameshafika Yasmin alipopokelewa na Mwajuma, na amesema wasimwambie kinachofuata.